Kandambili ya Kushoto

Tangu tumzike Mnyapara, mtaa wetu hapa Pongwe umejaa wajuzi. Wapo wanaosema kilichomuua ni manyoya ya mbwa. Wapo wanaosema mbwa yule alikuwa na akili za binadamu, kwamba aliiba kandambili za watu makusudi ili kuwaita kila bwana wake alipozidiwa. Na wapo, nao ndio wanaonikera zaidi, wanaodai kuwa mtaa mzima ulimtunza yule mzee tangu mwanzo, kwa moyo mmoja na bila kinyongo. Nimeitumikia serikali tangu ujana wangu hadi kustaafu, na sikuwahi kuruhusu maelezo yaliyopinda yaingie jaladani kwa sababu tu yanapendeza. Niliishi mkabala wa nyumba yake. Nitaeleza niliyoyaona.

Jina lake limeandikwa msalabani. Anayelitaka aende akalisome. Sisi tulimwita Mnyapara naye akaitika, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya katika kiwanda cha mkonge, katika chumba cha brashi. Humo katani iliyokwisha kukauka hupitishwa kwenye mashine ya kuisugua mpaka ilainike na kung'aa, kisha hufungwa marobota. Vumbi lake ni jeupe na jepesi, halitui. Vijana walitoka humo nyusi zimekuwa nyeupe kama za babu zao. Kila mfanyakazi alijifunga kitambaa puani na mdomoni, na Mnyapara alikuwa na chake. Lakini mashine zilinguruma, na msimamizi asiyesikika hana kazi; kwa hiyo kila alipotaka kutoa amri alikishusha kitambaa, akavuta pumzi mpaka tumboni, akapiga ukelele, akakipandisha tena. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi mpaka nywele zikawa nyeupe zenyewe, bila msaada wa vumbi.

Sauti ile niliwahi kuisikia. Nikiwa afisa kijana nilitumwa kiwandani kwa shughuli za wilaya, nikaisikia langoni kabla sijashuka garini, nikadhani kuna ugomvi. Niliambiwa hapana, ni mnyapara anagawa kazi. Sikujua wakati huo kuwa tungekuja kuzeeka tukitazamana, wala kuwa mwenye sauti hiyo angefikia kuyapima maneno yake kama mgonjwa anavyopimiwa chumvi.

Kuhusu ugonjwa, basi, ieleweke hivi. Daktari alimwambia mbele yangu, kwani ni mimi niliyemsindikiza hospitali, kuwa mapafu yake yamejaa makovu ya vumbi na hayatarudi kama zamani; dawa ya kuvuta ingempunguzia taabu, isingemponya. Mbwa alitajwa mwishoni kabisa, tulipokuwa tumekwisha kuinuka: asilale naye chumba kimoja. Mnyapara alitii. Mbwa alilala barazani chini ya dirisha, na dirisha liliachwa wazi. Zaidi ya hayo, kikohozi kilitangulia na mbwa akafuata baadaye sana. Anayemsingizia mnyama huyu amepindua mpangilio wa mambo.

Nilijaribu pia kumfuatilia haki ya mtu aliyeugulia kazini. Nilizungushwa, mimi niliyewahi kukaa upande wa pili wa meza za namna ileile. Kampuni ya zamani haipo, iliyopo haimjui, na bwana mmoja mwenye tai alinitaka nithibitishe kuwa vumbi lile lilitoka kiwanda kile. Nilimuuliza kama alidhani mzee alilinunua sokoni. Niliporudi nimefura, Mnyapara alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika nguzo. Alipopata pumzi akaniambia, "Usirudi tena. Utapata... presha. Tutakuwa... wawili."

Alizungumza hivyo siku zote, maneno matatu kisha kituo. Kwa asiyemzoea vituo vile vilikuwa mateso. Mtu aliona huruma akakimbilia kumalizia sentensi. Hilo Mnyapara hakulisamehe. Ukimmalizia, alibadili alichotaka kusema hata kama ulikuwa umekisia sawasawa. Alipumua nje kwa kubana midomo kama anayepoza chai. Alikaa ameinama mbele kidogo, viganja juu ya magoti, na alilala hivyohivyo, kwa kuwa akilala chali alihisi, kwa maneno yake, kama robota zima limewekwa kifuani. Uwanja wake ulifagiliwa baada ya kunyunyiziwa maji. Upepo ukivuma kutoka barabarani ambako malori hupita, alijifunga kitambaa mdomoni kama zamani. Nilipomtania kuwa amechelewa, alinijibu kwa kichwa tu kuwa anajua.

Hakuwa mtu mwepesi, na wanaomfanya malaika hawamtendei haki. Mzee mmoja mwenye kibanda cha mkaa kwenye kona, Mbondei kwa kabila, alifanya kazi chini yake na hakuwahi kumsalimia. Alipita mbele ya nyumba yake ametazama ng'ambo. Nilimuuliza Mnyapara sababu.

"Ana haki," akasema. "Nilimkatia... siku yake. Alichelewa." Akapumua. "Mkewe... alikuwa anajifungua."

"Ulijua?"

"Alinieleza. Mbele ya... watu wote." Akatazama kibanda cha mkaa kwa muda. "Ningefanyaje?"

Sikupata kusikia kuwa alimwomba radhi. Nadhani hakumwomba.

Kiburi ndicho kilichomweka peke yake. Mkewe alikwisha kufariki na binti yake wa pekee ameolewa Arusha. Mtu alipokuja kumtazama tu, kwa sababu ni mgonjwa, alipokelewa vibaya. Wanawake wa usharika wake walifika siku moja na supu ya kuku, wakaingia wakiimba polepole. Aliwasikiliza mpaka mwisho wa ubeti, akauliza, "Nani... kafa?" Supu aliinywa, lakini hawakurudi kwa muda mrefu. Alikuwa na kanuni yake: anayekuja kwake aje na shida. Ukiwa na malalamiko, na dai, na ugomvi wa mpaka, karibu kiti. Ukija na huruma, mlango uko nyuma yako.

Sasa nimzungumzie mbwa.

Alimwita Karani. Mimi nilianza kazi ya serikali kwa ukarani, na siku ya kwanza niliposikia jina hilo likiitwa ng'ambo ya barabara niligeuka kama mtu aliyeitwa. Nilivuka kwenda kulalamika rasmi. Mnyapara alinisikiliza kwa makini sana, kisha akanieleza kuwa shambani karani ndiye mtu anayekaa kivulini, anatazama wenzake wakifanya kazi, na jioni anaondoka na kitu kisicho chake. "Mtazame... mwenyewe," akasema. Nilimtazama. Alikuwa mbwa wa rangi ya mchanga, sikio moja limesimama na jingine limelala, na alikuwa ananikodolea macho kana kwamba ndiye atakayepitisha ombi langu. 

Mbwa huyu hakubweka. Sikusikia sauti yake hata mara moja. Aliogopa miavuli na hakujali majogoo. Walipotembea, na kutembea kwenyewe kulikuwa kutoka barazani hadi mfereji na kurudi, hakumtangulia bwana wake. Mnyapara aliposimama kutafuta pumzi, Karani naye alikaa chini, akampa mgongo, akatazama barabara kama mtu mwenye adabu anayemsubiri mwenzake afunge shuka. Pumzi iliporudi, wote wawili waliondoka bila kuambizana.

Na aliiba. Aliiba kandambili, na daima ya kushoto. Kwa nini ya kushoto sijui, wala Mnyapara hakujua. Sisi watu wa pwani tunavua viatu mlangoni. Mtaa wenye nyumba nyingi za Waislamu ni mtaa uliosheheni viatu vizuri vilivyopangwa nje, na kwa Karani hilo lilikuwa ghala lililo wazi. Alizipeleka kwa bwana wake moja moja, naye alizipanga ukingoni mwa baraza, visigino nyuma, vidole mbele, sawasawa kama watu waliosimama mstari asubuhi wakisubiri kugawiwa kazi.

Jambo lisingekuwa kubwa kama si mate. Kwetu mate ya mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo, ndipo kitakate. Mnyapara alikuwa Mlutheri, lakini alizaliwa na kukua katikati ya Waislamu na aliijua sheria hiyo vizuri. Alichokifanya sijakiona kwingine. Aliweka langoni mwake ndoo ya maji, kopo, na karai la udongo safi aliouchagua mwenyewe. Aliyekuja kudai kandambili yake aliosha palepale, naye Mnyapara akihesabu kutoka kitini. "Moja." Pumzi. "Mbili." Pumzi. Hakukubali mtu aruke. Bi Zuhura, jirani yangu anayeuza vitumbua, aliwahi kuishia sita akijidai amemaliza.

"Sita," akasema Mnyapara.

"Saba, mzee! Mimi ndiye ninayeosha!"

"Mimi ndiye... msimamizi. Sita."

"Ati Mkristo ananifundisha twahara! Makubwa haya." Lakini akaosha ya saba.

Kuosha mara saba kwa mwendo wa pumzi zile hakukuwa jambo la haraka. Mtu alifika amekasirika, akaanza kuosha, na mpaka saba ifike alikuwa amekwisha kumuuliza mzee kama amekula, ameona jiko halina moto, amesikia habari za ugonjwa wa mbuzi wa fulani. Ndani ya kuosha huko kulikuwa na ziara nzima, na Mnyapara alikuwa ameipokea bila kuhurumiwa, kwa kuwa mgeni alikuja na shida yake.

Mambo yalifika pabaya pale binti yake aliponipigia simu kutoka Arusha. Ni binti mwema, naye alisema wazi. "Baba mdogo, siwezi kulala. Baba anakaa peke yake na kifua kile. Nikijua yupo mtu anayemwona kila siku, sawa. Nikijua anashinda peke yake hata siku moja, nakuja kumchukua. Na mbwa hapa kwetu hatufugi." Nilimfikishia Mnyapara maneno hayo.  Akasema Arusha kuna baridi, na kwamba baridi ingemmaliza kabla vumbi halijammaliza.  Alishusha mkono upande wa kiti, na sikio lililolala likawa chini ya vidole vyake.

Wiki hiyohiyo wakazi walipeleka malalamiko kwa Mwenyekiti wa mtaa kutaka Karani aondolewe. Nikiwa katibu wa kikao nilisimamia jambo moja tu, ambalo wengine waliliona usumbufu: mlalamikiwa hawezi kujadiliwa asipokuwepo. Kwa kuwa hakuweza kutembea hadi ofisini, kikao kilihamia barazani kwake. Binti alifunga safari akaja, ameshapanga kuondoka na baba yake. Watu walivua viatu wakakaa mikekani.

Bi Zuhura alisimama wa kwanza, kidole hewani. "Mwenyekiti, mimi nimechoka! Jumatatu kanichukulia ndala, nimekuja hapa, namkuta mzee hajatia kitu tumboni, ikabidi nikamkorogee uji. Vitumbua vyangu vikaungua! Jumanne tena! Nimekuja, namkuta anahangaika na ile dawa yake ya kuvuta, kifuniko hakifunguki. Jumatano—"

"Jumatano pia ulikuja?" nikamuuliza, kwa ajili ya usahihi.

"Nilikuja! Ningekwenda wapi na mguu mmoja?"

Akafuata kijana wa bodaboda, naye alikuwa na Alhamisi na Ijumaa. Akafuata mwalimu wa madrasa, ambaye viatu vyake huachwa nje mchana kutwa, na kwa mujibu wa malalamiko yake mchana wake mwingi ulipotea kwenye lango hili. Kila aliyesimama alisimama kwa hasira za kweli, na kila aliyesimama alieleza alivyomkuta mzee, alichomfanyia na saa aliyoondoka. Nilimtazama binti. Alikuwa ameketi karibu na mlango, begi la baba yake miguuni. Malalamiko yalipozidi kumiminika alianza kulisukuma lile begi kwa kisigino, polepole, mpaka likaingia ndani ya mlango.

Mwenyekiti alimgeukia mlalamikiwa. "Mzee, una la kusema?"

Mnyapara alibana midomo, akapumua. "Yote... ni kweli," akasema. "Mbwa ana hatia. Nyie... mna haki." Akapumua tena. "Mkimwondoa... mtakuja kudai nini?"

 Mwenyekiti alikohoa, akatangaza kuwa suala litaangaliwa upya, akainuka kwenda kuvaa. Kandambili yake ya kulia ilikuwepo.

"Eti jamani!" akasema.

Bi Zuhura alicheka mpaka akakaa chini. Binti alirudi Arusha peke yake.

Hapa ndipo wajuzi wanapokosea. Wanasema tangu siku ile mtaa ulimpenda. Hapana, watu waliendelea kunung'unika, na Bi Zuhura aliendelea kumwita Karani majina ambayo sitayaandika. Kilichobadilika ni kidogo, na nilikigundua asubuhi moja nilipokuwa napiga mswaki nje. Zamani, kwa kumhofia mbwa, watu walikuwa wamekwisha kuanza kuingiza viatu ndani. Sasa viatu vilikuwa vimerudi vizingitini. Na ya kushoto, nyumba baada ya nyumba, ilikuwa imesogezwa mbele kidogo, upande wa barabara. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Yangu pia ilikuwa imesogezwa.

Siku moja nilikuta katika mstari ule wa barazani kiatu cha tairi, kizito, cheusi kwa masizi. Mzee wa mkaa alikuja kukidai. Hakusalimia. Aliosha mara saba, ingawa yeye si Mwislamu na hakulazimika, Mnyapara akamhesabia kwa uangalifu mkubwa. Kisha akakaa kwenye ngazi, ametazama barabara, na wote wawili na mbwa wakatazama barabara mpaka jua likahama. Aliondoka bila kuaga. Wiki iliyofuata kiatu kilikuwa mstarini tena.

Kuhusu akili za mbwa nasema hivi kwa yakini: Karani aliiba siku mbaya na aliiba siku njema. Aliiba Mnyapara akiwa anahema na aliiba akiwa anakunywa kahawa kwa raha. Hakuwa mganga. Aliyependa kuamini vingine na aamini, lakini asiseme aliona.

Mara ya mwisho kukaa na Mnyapara ilikuwa asubuhi ya joto, ile hewa nzito inayotangulia masika. Nilitoka nje nikakuta kandambili yangu ya kushoto kizingitini, mahali nilipoiacha. Nilitazama nyumba ya Bi Zuhura: ya kushoto ipo. Ya mwalimu wa madrasa: ipo. Mtaa mzima viatu vilikuwa viwili viwili, kamili, na sijapata kuona jambo la mpangilio mzuri likinitia hofu kiasi kile.

Niliiokota yangu nikaishika mkononi, nikavuka barabara mguu mmoja ukiwa mtupu.

Mnyapara alikuwa kitini, mabega yanapanda na kushuka. Karani alikuwa amelala juu ya nyayo zake, na aliponiona hakuinuka. Binti alikuwa njiani. Nilikuwa nimempigia tangu jana yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba... Bwana... Afisa." Neno moja, pumzi moja; zile pumzi za maneno matatu zilikuwa zimekwisha. "Shida?"

Sikuwa na shida. Nilijua kanuni yake, na nilijua kuwa nikisema nimekuja kumtazama atanionyesha mlango hata katika hali ile.

"Nimekuja kudai kandambili yangu."

Aliitazama mkononi mwangu. Akamtazama mbwa. Akanitazama mimi kwa yale macho ya asubuhi za kiwandani, ya mtu aliyesikia visingizio vya kila namna.

"Unayo," akasema.

"Basi nimekuja kuiosha."

Nilichuchumaa langoni, nikachota maji. Kandambili ilikuwa kavu na safi. Hakuna mnyama aliyeigusa. Nilianza na udongo kama inavyopasa, nikamimina maji, nikasubiri. Hakuhesabu kwa sauti. Niliona kidole chake kikigonga mkono wa kiti mara moja. Nikamimina tena, kikagonga. Kati ya pigo moja la kidole na jingine nilisikia pumzi yake ikipanda kama mtu anayepandisha mzigo ngazini, na nilingoja ifike juu kila mara, sikumharakisha wala sikummalizia. Bi Zuhura alitokeza na sinia lake kichwani, akaona ninavyoosha kandambili safi, akaona viatu viwili viwili mtaani kote. Alilitua sinia chini, akavua ndala yake ya kushoto, akajipanga nyuma yangu.

Kidole kiligonga mara ya saba. Nilikung'uta maji, nikainua kandambili aione.

Mnyapara aliikagua kwa muda mrefu. Midomo ikabana, pumzi ikatoka.

"Haijatakata," akasema. Akatafuta pumzi nyingine, akaipata. "Anza... upya."

Nikachota udongo, nikaanza upya.